Je, Wajua? Jiki, Jakuzi na Ndoo ya Maji ya Kasulu

Je, wajua kwamba jiki, ile ile unayotia kwenye beseni la mashuka meupe, hutiwa na baadhi ya wenye nyumba wa Marekani katika majakuzi yao, yale mabeseni makubwa ya kuogea yenye mapovu, ili maji moto yasigeuke makao ya vijidudu? Na kwamba kiini chake, haipokloraiti ya sodiamu, ndicho kilichomo katika chupa ndogo za dawa ya maji ya kunywa kama WaterGuard?

Je, wajua kwamba jakuzi la kawaida la nyumbani hubeba lita 1,000 hadi 1,500? Ni simtanki zima. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga. Kwa hiyo lita 1,000 wanazojipumzishia watu wanne jioni moja huko ng'ambo ni maji ya siku nzima ya watu 66 katika kambi ya wakimbizi kama ile ya Nduta, wilayani Kibondo. Naziweka tarakimu hizi pamoja kwa kuwa sayansi inayolinda maji hayo yote ni moja. Atakayeelewa jinsi klorini inavyoisha katika jakuzi ataelewa kwa nini ndoo iliyotiwa dawa asubuhi inaweza kuleta kuhara jioni.

Je, wajua kwamba jakuzi lilizaliwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa? Ndugu wa ukoo wa Jacuzzi, Waitaliano waliohamia California, walikuwa watengenezaji wa pampu. Mwaka 1948 Candido Jacuzzi alitengeneza pampu ya kutia mkondo katika maji ya kuogea ya mwanawe Kenneth, maana mtoto huyo aliteswa na ugonjwa wa viungo. Beseni kamili lenye pampu ndani yake lilikuja mwaka 1968, kazi ya Roy Jacuzzi wa ukoo huo huo.

Je, wajua kwamba malighafi za jiki ni chumvi, maji na umeme? Pitisha umeme katika maji ya chumvi kwa namna inayotakiwa, utapata klorini na haipokloraiti. Zipo mashine ndogo za sola zinazofanya kazi hiyo katika vituo vya afya vilivyo mbali na maduka. Na mkoa wetu wa Kigoma, wenye Kasulu na Kibondo, una chumvi yake: kule Uvinza, karibu na Ruchugi unapoingia Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Je, wajua kwamba mwili wako nao hutengeneza dawa hiyo? Chembe nyeupe za damu zinapomvamia kijidudu, huzalisha asidi ya haipoklorasi, ile ile inayotokea jiki ikikutana na maji, na kumuua nayo.

Klorini yenyewe iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa mikono kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa wajawazito, na vifo vya wazazi vikashuka sana. Mwaka 1908 Jersey City ukawa mji wa kwanza wa Marekani kutia klorini katika maji ya bomba bila kukatiza. Kumbuka pia upande wake mwingine: tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, gesi ya klorini ilifunguliwa kuwaua askari mahandakini.

Sasa tukae kidogo kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza.

Je, wajua kwamba klorini huliwa? Kila tone la jasho, kila chembe ya udongo, kila kipande cha jani huichukua sehemu yake. Kinachomlinda mnywaji au muogaji ni ile inayobaki baada ya uchafu wote kushiba. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, inapendekeza jakuzi libaki na angalau miligramu 3 za klorini kwa kila lita ya maji, wakati bwawa la kawaida la kuogelea huhitaji 1 tu. Chukua jiki ya asilimia 3.5 na jakuzi la lita 1,000: mililita 86 hivi zinatosha kufikia miligramu hizo 3. Ni thuluthi ya kikombe kikubwa cha chai. Kidogo hicho kinasafisha maji yote yale, kisha wanaingia watu wanne wenye jasho na mafuta ya kujipaka, pampu inapuliza hewa, maji yana nyuzi joto 40, na baada ya muda mfupi huenda pasibaki kitu. Ndiyo maana mwenye jakuzi hupima kila mara, na wala haridhiki kwa kukumbuka kwamba aliweka dawa jana.

Je, wajua kwamba jua huivunja klorini upesi? Maji yaliyo wazi juani yanaweza kupoteza nusu ya klorini yake ndani ya saa moja au chini ya hapo. Funika ndoo.

Je, wajua kwamba ile harufu kali ya bwawa la hoteli, inayochoma macho, haina maana kwamba klorini ni nyingi mno? Mara nyingi ni harufu ya kloramini, zao la klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa lisilo na uchafu halinuki hivyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu, bila mtu kuoga ndani yake, lilisababisha vifo vya watu wasiopungua 32? Maji yake ya vuguvugu yalikuwa na bakteria wa Legionella, na mapovu yakawarusha hewani kwa wapita njia. Bakteria huyo alipewa jina hilo baada ya kuwaua maveterani wa Kimarekani waliokuwa mkutanoni Philadelphia mwaka 1976. Hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 45, yaani katika joto lile lile linalompendeza muogaji.

Turudi kwetu. Je, wajua kwamba Mei 2015 kipindupindu kiliukumba mkoa wa Kigoma kwa kishindo? Makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijaa Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kisichofikika kwa gari. Walikunywa maji ya ziwa lile lile walilooga na kujisaidia kando yake. Meli kuukuu ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwapeleka Kigoma mjini kwa awamu, na mabasi yakawapandisha milimani hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Katika wiki chache waliugua zaidi ya watu 3,000, na 31 wakafa, wakiwemo Watanzania. Anayeleta ugonjwa huo ni bakteria dhaifu mbele ya klorini. Hufa upesi akikutana nayo katika maji masafi. Kila ninapoandika idadi ile ya vifo hunikera kwamba dawa iliyoweza kuvizuia ni ya bei nafuu na imejulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na mwaka huo wa 2015 ikafurika, hata ikabidi Nduta ifunguliwe upya. Fikiria kazi ya maji hapo: visima, matangi, mabomba, na foleni ya madumu ya manjano. Sphere inataka bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na nyumba isiwe zaidi ya mita 500 kutoka bombani.

Je, wajua kwamba maji yanaweza kutoka bombani yakiwa salama na kuwa hatari kabla ya usiku? Watafiti waliofuatilia maji katika kambi za wakimbizi Sudan Kusini mwaka 2013, kuanzia bombani hadi ndani ya nyumba, walikuta kwamba kile kiwango kilichozoeleka cha miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita bombani hakitoshi kumfikisha mtu jioni. Walipendekeza miligramu 1 bombani, ili baada ya saa 10 hivi ibaki angalau 0.2 nyumbani. Sababu zake kila mama wa Kasulu anazijua kwa macho: dumu lililoota ukungu wa kijani ndani, kikombe kinachochovywa kwa mkono, mtoto aliyetoka kucheza kwenye udongo mwekundu, ndoo isiyo na mfuniko. Dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki, huitunza klorini kwa muda mrefu zaidi kwa sababu mikono haiingii.

Je, wajua kwamba dawa huhitaji nusu saa? Tia, koroga, funika, subiri dakika 30 ndipo unywe. Na maji ya mvua za masika, yale yanayoshuka mtoni mekundu, usiyatie dawa kabla ya kuyatuliza na kuyachuja kwa kitambaa safi. Tope huila klorini na kuwaficha vijidudu.

Kuchuja kwa kitambaa si jambo la kudharau. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh chini ya Rita Colwell, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa ilipunguza kipindupindu kwa asilimia 48 hivi. Bakteria wake hupenda kung'ang'ania vidudu vidogo vya majini, na kitambaa huvinasa.

Je, wajua kwamba Kasulu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100? Kwenye nyanda hizi zilizo juu ya mita 1,000, huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 hivi. Bado zinatosha: yakitokota kwa nguvu dakika moja, ni salama. Lakini kuni ni ghali kwa jasho la anayezibeba, na maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakichovywa na kikombe kichafu. Klorini iliyobaki huendelea kulinda.

Inashindwa na baadhi ya vijidudu, tuseme ukweli. Kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huvumilia klorini kwa siku kadhaa. Mwaka 1993 kilipenya maji ya bomba ya jiji la Milwaukee, Marekani, na kuwatia ugonjwa watu wapatao 400,000. Hicho huuawa kwa kuchemsha.

Je, wajua kwamba jiki huzeeka? Joto, mwanga na muda huidhoofisha, hivyo chupa iliyokaa mwaka mzima dirishani haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Isitumike katika maji ya kunywa wala ya kuoga jiki yenye manukato, rangi au sabuni. Kwa maji ya kunywa chagua dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ya maji au ya vidonge, ufuate kipimo chake.

Na kwa kazi nyingine vipimo hubadilika kabisa. Watumishi wa afya hutumia mchanganyiko wa asilimia 0.5 kufutia sakafu na vitanda vya wagonjwa wa magonjwa kama Ebola na Marburg, na wa asilimia 0.05, mara kumi pungufu, kwa mikono. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki na sita za maji hukupa ile ya sakafu. Januari 2025 Marburg ilipotangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, kaskazini mwa Kibondo, ndoo za michanganyiko hii zilikuwa sehemu ya ulinzi.

Je, wajua kwamba jiki ikichanganywa na siki, maji ya ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ile ile ya Ypres? Ikichanganywa na amonia hutoa kloramini, nayo huumiza mapafu. Osha choo kwa kimoja tu, mlango ukiwa wazi. Na tafadhali, usihifadhi jiki katika chupa ya soda: mtoto hasomi, anaona soda. Akinywa, usimtapishe, msukutulie kinywa na umkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.

Mwisho, je, wajua kwamba kipimo kinachotumika bombani kambini ni kile kile cha bwawa la kuogelea? Ni kisanduku kidogo cha plastiki. Unatia maji, unadondosha kidonge cha DPD, na klorini ikiwepo maji yanageuka rangi ya waridi. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea, nawe unailinganisha na rangi za pembeni. Kazi ya dakika moja. Kama kijiji chenu kina mradi wa maji ya mserereko au kisima cha pampu unaotiwa dawa, mwombeni fundi wa chombo cha watumia maji apime mbele yenu, katika bomba la mwisho kabisa, kisha apime tena katika ndoo iliyolala ndani ya nyumba mojawapo.