Binti wa Mfuga Kondoo na Jiwe la Mwisho

Wajukuu zangu, mawingu yakimwaga vidonge vya barafu juu ya mabati yetu hapa Shinyanga, hatusemi imenyesha barafu. Tunasema mvua ya mawe. Basi nikiwaambia kuna watu wanaocheza mawe juu ya barafu, na kwa mchezo huo wanavishwa medali ya dhahabu, msishangae sana. Lugha yenu ilikwisha kuvikutanisha vitu hivyo viwili zamani.

Mchezo wenyewe unaitwa kalingi. Ulizaliwa Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, mamia ya miaka iliyopita, watu walipokuwa wakisukuma mawe juu ya mabwawa yaliyoganda kwa baridi.

Najua watoto wa Geita mtaanza kuuliza habari za jiwe, maana kwenu jiwe ndiyo kazi. Mmewaona wakubwa wakipandisha viroba kutoka kwenye duara la machimbo ya dhahabu na kuvipeleka kwenye karasha la kusagia mawe, na mmewasikia wakisema jiwe hili laini, litasagika upesi, na lile gumu, litaisumbua mashine. Jiwe la kalingi ni lile la kuisumbua mashine. Ni graniti iliyochongwa mviringo, ikawekewa mkono juu, na uzito wake unakaribia kilo 20. Jazeni ndoo ya lita 20 mpaka ukingoni kisha muinyanyue, mtajua ninachosema.

Lakini si kila graniti inafaa. Mmewahi kuisahau chupa ya maji kwenye friza ikapasuka? Maji yakiganda yanatanuka. Jiwe linalonyonya maji hata kidogo litafanyiwa hivyohivyo na barafu, litameguka kutoka ndani. Ndiyo maana mawe ya Olimpiki hutoka kwenye kisiwa kidogo cha Uskoti kiitwacho Ailsa Craig, kisichokaliwa na watu, makao ya ndege wa baharini. Graniti yake ya aina moja hainyonyi maji, nayo huwekwa sehemu ya chini inayoteleza. Aina nyingine huvumilia kugongwa, nayo hufanywa mwili wa jiwe. Mafundi wa kampuni ya Kays, katika mji mdogo wa Mauchline, wamekuwa wakiyachonga tangu 1851.

Na barafu ya uwanjani haiachwi laini kama kioo. Kabla ya mchezo, fundi hupita na tangi la maji mgongoni, kama mkulima wa pamba anavyobeba bomba la dawa, akinyunyiza matone. Matone huganda yakawa vipele vidogo vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Mchezaji huliachia likizunguka taratibu, nalo likielekea mwisho linapinda njia. Wenzake wawili hulikimbilia mbele na mafagio, wakisugua barafu kwa nguvu zote. Msuguano huleta joto kidogo, barafu inalegea, jiwe linafika mbali zaidi bila kupinda sana. Ninyi mnaoshika ufagio wa chelewa kila asubuhi kabla ya kengele, kumbukeni hilo: huko ng'ambo kuna watu wanaofagia mpaka Olimpiki.

Uwanja una urefu wa karibu mita 45. Mwisho wake kuna duara la kuchorwa, upana mita 3.66, linaloitwa nyumba, kama vile bao letu lilivyo na nyumba yake. Kila timu ina watu wanne, na kila mmoja hurusha mawe mawili katika raundi. Mawe yote 16 yakiisha, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo inayopata pointi. Raundi ni kumi. Mwenye zamu ya kurusha jiwe la mwisho ana bahati kubwa, maana hakuna wa kumharibia baada yake. Kwa kawaida nahodha ndiye anayelirusha, na akikosa, hana mtu wa kumsukumia lawama.

Sasa nawaleta kwa nahodha mmoja. Eve Muirhead alizaliwa Aprili 1990, akakulia Blair Atholl, kijijini Uskoti. Baba yake, Gordon, ni mfuga kondoo aliyeichezea nchi yake kalingi, na kaka zake wawili nao wakafuata mchezo huohuo. Akiwa na miaka 19 tu, Eve aliiongoza Uingereza kwenye Olimpiki ya Vancouver, 2010. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia mjini Riga, kabla hajatimiza miaka 23. Mwaka 2014, mjini Sochi, akapata medali ya shaba.

Halafu ikaja Februari 2018, Pyeongchang, Korea Kusini. Mechi ya kugombea shaba dhidi ya Japani, raundi ya kumi. Japani 4, Uingereza 3. Jiwe la mwisho liko mkononi mwa Eve, na likienda sawasawa medali ni yao. Alipiga magoti, akateleza, akaliachia. Lilikwenda, likagonga, mawe yakatawanyika. Yalipotulia, la karibu na kitovu lilikuwa la Japani. Mchezo ukaisha 5 kwa 3. Miaka minne ya mazoezi iliishia hapo, dunia nzima ikimtazama.

Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na timu ikavunjika. Alianza kuunda nyingine. Katika ubingwa wa dunia wa 2021 timu hiyo haikufuzu Olimpiki moja kwa moja, ikabidi ipite kwenye mchujo wa mwisho huko Leeuwarden, Uholanzi, mwezi Desemba. Mmoja wa wenzake, Vicky Wright, ni muuguzi, na wakati wa Uviko alikuwa wodini akihudumia wagonjwa. Nampenda sana mama huyo kwa jambo hilo.

Beijing, 2022. Kwenye nusu fainali Sweden iliwachapa pointi 4 katika raundi ya kwanza tu. Hawakukata tamaa, wakashinda 12 kwa 11 katika raundi ya ziada. Fainali ilikuwa tarehe 20 Februari, na aliyesimama upande wa pili alikuwa Satsuki Fujisawa wa Japani, nahodha yuleyule wa 2018. Safari hii Uingereza ilishinda 10 kwa 3. Ilikuwa dhahabu pekee ya Uingereza katika michezo ile, na Agosti mwaka huo Eve akastaafu.

Watoto wa Geita, mnaojua gramu kuliko mimi, nawaambia na hili: medali ya dhahabu ya Olimpiki ni fedha iliyopakwa dhahabu, na dhahabu yenyewe inatakiwa isipungue gramu 6. Sonara angeipima akaitajia bei mara moja, lakini miaka minne ile ya kutoka Pyeongchang hadi Beijing hakuna mizani ya kuipimia.

Mtaniuliza, je, mtu wa kwetu amewahi kufika kwenye Olimpiki ya baridi? Kalingi iliporudi rasmi Olimpiki huko Nagano, 1998, kulikuwa na Mkenya, Philip Boit wa Eldoret, kwenye mbio za kuteleza juu ya theluji. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika kama 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Mshindi huyo alimngoja mstarini akamkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Leo Kenya ni mwanachama wa shirikisho la kalingi la dunia. Tanzania bado haijapeleka mchezaji hata mmoja kwenye Olimpiki ya baridi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, mkimaliza kufagia, chukueni chaki mchore nyumba kwenye sakafu ya saruji ya baraza la shule. Tafuteni mawe bapa 16, manane myapake chokaa. Gaweni timu, watu wanne wanne. Katika kalingi mchezaji akiligusa jiwe kwa bahati mbaya hujisema mwenyewe, bila kungoja filimbi, nanyi fanyeni hivyo. Raundi kumi. Na jiwe la mwisho mpeni nahodha.