MTOTO ASIYEONA FAIDA YA SHULE

Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao hawataki shule. Mtoto hutoka nyumbani asubuhi na daftari kwapani, akaishia sokoni. Dawa inayotajwa upesi ni fimbo. Sisi hatukubali. Fimbo yaweza kumrudisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumwonyesha kwa nini yumo humo.

Jambo hili si geni nchini. Machi 1967, katika "Elimu ya Kujitegemea", Mwalimu Nyerere alionyesha kuwa ni watoto 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi waliopata nafasi ya sekondari. Waliosalia walijiona wameshindwa. Akataka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mambo na kuweka hesabu za mapato. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu. Mtoto alilima, asijue mavuno yaliuzwa kwa bei gani wala fedha ilikwenda wapi. Hamu itatoka wapi hapo?

Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Mlango u wazi. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha mtoto kilichomo ndani, na kazi hiyo si ya mwalimu peke yake.

Tumtazame mkulima wa korosho wa Mtwara. Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa mpango wa stakabadhi ghalani: hupimwa, hunadiwa, makato hutolewa, ndipo fedha humfikia mkulima. Asiyejua hesabu hupokea anachopewa. Baba na ampe mtoto karatasi ile, amwambie: "Mwanangu, nipigie hesabu, tujue kama tumepata haki yetu." Siku mtoto atakapogundua kilo kumi zimepotea, hatauliza tena hesabu ni ya nini. Mfanyakazi naye amwonyeshe wake hati ya mshahara na makato yake. Mwalimu awakabidhi wanafunzi daftari la shamba la shule, nao wajadili fedha itumikeje.

Ndugu wanachama, mtoto anayeacha shule leo ndiye atakayepunjwa kesho penye mizani, wala hatajua kuwa amepunjwa. Yatupasa jioni ya leo tuiweke fimbo kando, tukae naye mezani, tumpe kazi ya kweli inayohitaji kile anachofundishwa.