Gurudumu Lisiwe Kubwa Kuliko Busara

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivyo ndivyo walivyosema wazee wetu wa pwani, na maneno yao hayahusu majahazi peke yake. Kila chombo kinachomchukua binadamu, kiwe cha baharini au cha nchi kavu, kimeundwa kwa hesabu, na anayekusudia kukibadili hana budi kwanza aijue hesabu hiyo.

Tumelazimika kuyasema hayo kwa sababu wapo wananchi, vijana na watu wazima, wenye mapenzi na magari madogo ya zamani. Mapenzi hayo ni mema. Mtu anayelitunza gari la umri wa miaka 40 au 50 badala ya kulitupa huhifadhi mali na huendeleza ufundi. Lakini pamoja na mapenzi hayo umeingia mtindo wa kuyavua magurudumu madogo liliyozaliwa nayo gari na kulivika makubwa, bila ya kuuliza kwa nini yale ya kwanza yalikuwa madogo. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo safu hii inapotaka kusimama leo.

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana duniani kote, nalo ni Mini la Uingereza. Mwezi wa Julai 1956 Misri, chini ya Rais Gamal Abdel Nasser, ilitaifisha Mfereji wa Suez. Wakubwa wa Ulaya wakaleta vita, njia ya mafuta ikafungwa, na huko Uingereza petroli ikawa inatolewa kwa mgao. Haja ya gari dogo lisilokunywa mafuta mengi ikawa kubwa. Kazi hiyo alipewa mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir nchini Uturuki, na mwezi wa Agosti 1959 gari likazinduliwa rasmi.

Urefu wake ulikuwa kama mita 3 tu, na bado liliweza kuchukua watu wanne. Issigonis aliilaza injini kwa upana wa gari, akaiweka gia chini ya injini hiyo, na badala ya springi za chuma akatumia mpira uliobuniwa na mhandisi Alex Moulton. Juu ya hayo yote akachagua magurudumu ya inchi 10, ambayo hayakuwa ya kawaida kwa gari la watu wanne. Sababu yake ilikuwa wazi: gurudumu kubwa linataka nafasi ya kuzungukia, na nafasi hiyo hukatwa kutoka mahali pa miguu na mizigo ya abiria. Kwa hiyo udogo wa gurudumu ulikuwa sehemu ya hesabu ya gari zima.

Hatusemi kwamba hesabu hiyo haikuwa na upungufu. Gurudumu dogo hutumbukia kwa urahisi katika shimo ambalo gurudumu kubwa lingepita juu yake. Matairi ya inchi 10 siku hizi ni machache kuliko ya saizi nyingine. Na lililo kubwa zaidi, ndani ya gurudumu la inchi 10 hamna nafasi ya kuweka breki kubwa. Kwa hiyo mwenye kutaka gurudumu kubwa anaweza kuwa na sababu ya haki kabisa.

Hata kiwanda chenyewe kiliiona sababu hiyo. Mwaka 1984 Mini zilianza kutoka na magurudumu ya inchi 12. Lakini tutazame namna kazi ilivyofanywa. Gurudumu liliongezwa ili kupata nafasi ya breki bora: gari za kawaida ziliachana na breki za ngoma za mbele na kupewa za diski zenye upana wa inchi 8.4. Juu ya magurudumu ziliwekwa kingo za plastiki ili tairi lisichomoze nje ya bodi. Na tairi lenyewe lilichaguliwa lenye ubavu mfupi. Tairi la 145/80 la inchi 10 lina kimo cha milimita 486 hivi. Lile la 145/70 la inchi 12 lina milimita 508. Chuma kimeongezeka kwa zaidi ya sentimita 5, lakini gurudumu zima, pamoja na tairi lake, limeongezeka kwa sentimita 2 na kidogo tu. Katika miaka ya 1990 zikatolewa nyingine zenye magurudumu ya inchi 13, kwa matairi ya 175/50 na kingo pana zaidi, na kimo chake kikabaki kama milimita 505. Huo ndio ufundi wenye mizani.

Sasa tumtazame mtu anayefanya kazi hiyohiyo kwa macho tu. Amepata magurudumu ya inchi 13 yakiwa na matairi ya 155/70. Matundu ya boliti yamekubali, gari limeinuka, wenzake wamelisifu. Kimo cha gurudumu hilo ni milimita 547, yaani limezidi lile la asili kwa karibu asilimia 13. Basi na tufuate matokeo yake moja baada ya jingine.

Kwanza, kipima mwendo kinamdanganya. Kifaa hicho kinahesabu mizunguko, wala hakijui kwamba kila mzunguko sasa unameza njia ndefu zaidi. Kikimwonyesha kilomita 60 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu 68. Nguvu ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki imezidi kwa zaidi ya robo, na dereva hana habari.

Pili, breki ileile imepungukiwa na uwezo. Inashika katikati ya gurudumu, ilhali gurudumu linakanyaga njia mbali zaidi na hapo katikati. Kadiri kimo kinavyozidi, ndivyo mshiko wa breki unavyofika chini ukiwa umedhoofu, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi ili apate kilekile alichokuwa akikipata. Gari limeongezewa mwendo wa siri na kupunguziwa breki kwa wakati mmoja. Mtoto anayevuka njia kwenda chuoni asubuhi hana namna ya kuyajua hayo.

Tatu, injini ndogo inabebeshwa mzigo isiokadiriwa. Mini za mwanzo zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 848. Gurudumu likizidi, gari huwa zito kuondoka na zito kupanda mlima. Nne, gurudumu pana lililosukumwa nje huelemea beringi na kuufanya usukani kuwa mzito. Na likikatwa kona huku gari limejaa watu, tairi hukwaruza bati hata likachanika.

Huenda msomaji akauliza: habari za gari la Kiingereza zinatuhusu nini sisi wa Visiwani? Zinatuhusu sana. Magari mengi tunayoendesha yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na Japani yenyewe katika miaka ya 1990 ilikuwa mnunuzi mkubwa wa Mini. Hesabu tuliyoieleza haichagui taifa la gari. Ni ileile kwa kila gari dogo linalovishwa viatu visivyo vyake.

Aidha, tunayo mambo yetu ya mahali. Hewa yetu ni ya chumvi. Fundi anayekata ukingo wa bati ili tairi kubwa lipate kupita anaufungulia mlango kutu, na bati lililokatwa bila kupakwa rangi ya kinga huoza upesi. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba, na gurudumu lisiloweza kukunjwa mpaka mwisho linalinyima gari dogo sifa yake kubwa, nayo ni kugeuka mahali padogo. Kadhalika, tairi la ubavu mfupi halina mto wa kutosha: lile la 145/80 lina ubavu wa milimita 116, na lile la 175/50 lina 88 tu. Penye mashimo, pigo hufika kwenye chuma mapema.

Kwa ndugu zetu watumishi wa Serikali lipo neno jingine. Gari la ofisi likivishwa matairi yaliyozidi kwa kiasi tulichokitaja, safari ya kilomita 1,000 itaandikwa kitabuni kuwa kilomita 888. Mkubwa wa ofisi akilinganisha petroli na safari, ataona mafuta yamepotea, na dereva mwaminifu atatuhumiwa kwa wizi uliofanywa na tairi. Hesabu mbovu huzaa dhuluma hata pale ambapo hakuna aliyeikusudia.

Basi tufanye nini? Hatuombi watu wakatazwe. Tunaomba wapime. Mwenye gari aweke alama ya chaki juu ya tairi na nyingine chini sakafuni, alisukume gari mpaka tairi lizunguke mara moja kamili, kisha apime umbali huo kwa futi kamba. Tairi la asili la Mini hupita kama mita 1.53. Afanye hivyo kwa gurudumu la zamani na kwa jipya, agawe la pili kwa la kwanza, naye atajua mara moja kipima mwendo chake kitadanganya kwa kiasi gani. Halafu apakie watu, akunje usukani mpaka mwisho pande zote mbili, na asikilize. Kama tairi linagusa, kazi haijaisha.

Nao wakaguzi wa vyombo vya moto tunawaomba wasitosheke na kuona tairi ni jipya na linang'aa. Waulize gari hili lilizaliwa na gurudumu gani, breki zake zimebadilishwa au la, na kipima mwendo kimerekebishwa au la. Mafundi wetu wa gereji, ambao ujuzi wao tunauheshimu, wawe na ujasiri wa kumwambia mteja hapana pale ambapo fedha yake inanunua madhara.

Kiwanda kilipoongeza inchi 2 kilibadili breki, tairi na bodi. Haitakuwa busara sisi kuongeza inchi 3 na tusibadili kitu. Barabara ni mali ya umma, na kila anayeingia nayo chombo barabarani amebeba amana ya roho za wenzake. Amana hiyo ndiyo itangulie. Pambo na lifuate nyuma.