Masomo ya Wakati wa Kipupwe



Wengi wametuuliza habari za watoto wa darasa la nne hapa Kizwite, kwamba muhula huu wa baridi walionekana mara nyingi nje, wakiwa na fimbo, kamba na madaftari, hali wenzao wamekaa darasani. Wengine wameuliza kwa wema, na wengine kwa hasira kidogo. Basi tumeona ni vema kuandika mambo yote katika ukurasa huu, ili kila nyumba ijue watoto wamefundishwa nini na kwa sababu gani.

Kwanza twaanza na baridi yenyewe. Muhula wa pili hufunguliwa mwezi wa Julai, wakati upepo wa kipupwe uvumapo Ufipa nzima bila huruma. Asubuhi watoto huja wamejitanda kanga za mama zao juu ya sweta, mikono imefichwa makwapani, na saa ya kwanza ya masomo kalamu hazishikiki. Vitabu vingi vya hadithi vilivyotoka Ulaya husema kwamba baridi huja mwezi wa Desemba pamoja na theluji. Mtoto wa Kizwite akisoma hayo hudhani kwamba kipupwe chake si kitu, maana hakimo kitabuni. Kwa hiyo swali letu la kwanza lilikuwa hili: Kwa nini sisi twatetemeka hapa, na watu wa Kasanga, walio kando ya ziwa, hulala bila blanketi usiku ule ule?

Jibu ni kimo cha nchi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kama nyuzi 6. Watoto walifanya hesabu hiyo wenyewe ubaoni, nao wakaona kwamba baridi yetu ina sababu, tena ina kipimo. Kisha tukasimamisha fimbo wima uwanjani, na kila saa mtoto mmoja akaweka jiwe penye ncha ya kivuli. Adhuhuri kivuli kikaelekea kusini. Mmoja akalalamika kwamba jua limepotea njia! Ndipo tulipowaeleza kwamba mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini mwa nchi yetu, na mwezi wa Desemba hupita kusini, na kivuli hugeuka nacho. Mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili hahitaji kununua kitu chochote. Fimbo na mawe kumi yatosha.

Sasa twaja kwenye habari iliyoleta maneno mengi, nayo ni safari ya kwenda kuliona tanuru.

Vijana wengi wa siku hizi hawajui kwamba Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Matanuru yao yaliitwa malungu, na moja ni ilungu. Mengine yangali yamesimama vijijini, katika wilaya ya Sumbawanga na ya Nkasi, ingawa mvua na mizizi ya miti yayala mwaka hata mwaka. Ilungu ni mnara wa udongo uliojengwa kwa kwenda juu kiasi cha mita 3, mnene chini na mwembamba juu. Chini kuna matundu kuzunguka pande zote. Ndani wazee walipanga mkaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, kisha wakawasha moto ukawaka siku kadha wa kadha. Ajabu yake ni hii: hawakuvukuta. Hewa ya moto ilipanda juu kwa urefu wa mnara, na hewa baridi ikavutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Bonge lililopatikana, lenye chuma na mavi ya chuma pamoja, lilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika kulisafisha, na baadaye wahunzi wakafua majembe na mashoka. Kazi hiyo ilikuwa ya wakati wa kiangazi, mkaa na kuni zikiwa kavu. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba muhula huu wa baridi ndio uliokuwa muhula wa wahunzi.

Tulipotangaza safari, baba mmoja alikuja shuleni asubuhi mapema. Alisalimu kwa adabu, akakaa, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu amebatizwa. Sitaki akasimame mbele ya mizimu ya wahunzi. Babu yangu aliyaacha mambo hayo kwa machozi, nanyi mwataka kumrudisha mjukuu wake?"

Hatukumcheka, wala hatukumwambia kwamba ni mshamba, maana hakusema uongo. Wazee walioyeyusha chuma walikuwa na kikapu cha dawa, nao waliamini kwamba pasipo kikapu hicho chuma hakitoki. Tanuru lilipambwa kama bibi arusi, na mafundi walijitenga na wake zao siku zote za kazi. Mkristo mwenye kuitunza imani ya nyumba yake ana haki ya kuuliza. Hata jina la mji wetu lina habari hiyo ndani yake, kwa kuwa watu husema Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi.

Lakini tulimjibu hivi: "Baba, kikapu ni kitu kimoja, na hewa inayopanda ndani ya mnara ni kitu kingine. Kikapu kiliachwa. Hewa yapanda hata leo, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeiumba ipande." Tukamsomea katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, jinsi Bwana alivyomjaza Bezaleli roho yake ili awe na akili ya kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba. Tena tukamwambia habari ambayo hakuijua. Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Karema mwaka 1885, na baadaye misheni zao zikaenea Ufipa. Mmoja wao, Padre Wyckaert, aliandika juu ya wahunzi wa nchi hizi mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, na katika kichwa cha habari yake alitaja wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo pia. Basi walikuwako watu waliobatizwa walioendelea kushika nyundo.

Yule baba alinyamaza kitambo. Halafu akauliza gari litaondoka saa ngapi, maana alitaka kuja pia.

Akaja kweli. Hakulikaribia sana tanuru, lakini alishika ncha ya kamba watoto walipopima mzingo wa mnara chini. Kimo walikipata kwa kivuli, pasipo kupanda juu. Twaeleza njia yake kwa ajili ya walimu wengine: Fimbo ya mita 1 ikitoa kivuli cha sentimita 80, na saa ile ile kivuli cha tanuru kikiwa mita 2 na sentimita 40, gawanya 240 kwa 80, utapata kwamba tanuru ni refu mara 3 kuliko fimbo. Watoto ambao mwezi wa Mei walilia kwa sababu ya mafungu ya hesabu, walifanya hesabu hii wamechuchumaa mavumbini, nao hawakuomba msaada. Waliokota vipande vya mavi ya chuma, wakashangaa uzito wake, wakavirudisha mahali pake kama walivyoagizwa. Jambo hilo la kurudisha twalisisitiza sana. Tanuru likichokorwa na kila mgeni halitafika kwa wajukuu wetu.

Wenye elimu hawajaacha kuyatafuta mambo haya. Mwaka 1937 Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa katika Tanganyika Notes and Records, na mwaka 2010 Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania, alitoa kitabu kizima juu ya uhunzi wa Wafipa. Basi wageni wasomi wavuka bahari kuja kuyatazama malungu, na mtoto wa Kizwite akue bila kuliona hata moja? Majembe ya kiwandani yalipokuja kwa bei ndogo, moto wa malungu ulizimika. Hilo twalifahamu, wala hatusemi uwashwe tena. Miti iliyobaki Ufipa haitoshi kwa kazi hiyo. Twataka tu mtoto ajue kwamba mababu zake walikuwa watu wa akili na vipimo.

Sasa, wazazi, twaomba msikilize kwa makini neno linalofuata, kwa maana lahusu uhai wa watu nyumbani.

Tuliporudi shuleni tulitengeneza tanuru dogo kwa makopo mawili matupu yaliyoondolewa vitako, moja juu ya jingine, na kopo la chini tukalitoboa matundu. Tukatia makaa ya moto. Matundu yakiwa wazi, makaa yaling'aa mekundu. Tulipoyaziba kwa udongo, moto ulififia. Tukawaeleza watoto kwamba mkaa unaokosa hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine, iitwayo monoksidi ya kaboni. Ndani ya ilungu hewa hiyo ilifanya kazi njema: iliinyang'anya mawe oksijeni yake, na chuma kikabaki. Lakini hewa hiyo hiyo ikiingia katika kifua cha mtu huizuia damu yake isichukue oksijeni. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipotolewa nje hafumbui macho tena.

Sote twajua desturi ya mji wetu wakati wa kipupwe. Jioni jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa gunia, na watoto hulala kulizunguka. Watu hudhani kwamba mkaa usio na moshi hauna madhara. Si kweli hata kidogo! Asubuhi ya pili msichana mmoja alitusimulia alivyomwambia mama yake, "Mama, jiko letu ni ilungu lililozibwa." Mama hakuelewa maana yake, akamkemea kwa kumfundisha mkubwa. Bibi ndiye aliyeuliza, "Mwacheni aseme. Umesikia wapi habari za ilungu, mjukuu wangu?" Mtoto akaeleza yote, na usiku ule jiko likatolewa nje, wakaongeza blanketi. Wazazi, fanyeni vivyo hivyo. Pasheni chumba moto milango ikiwa wazi, kisha mlitoe jiko kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Katika majuma ya mwisho tulikwenda shambani kutazama intumba, zile tuta za duara ambazo wazee wa Ufipa hufunika majani chini ya udongo yaoze. Juu yake hupandwa maharagwe, na msimu ufuatao tuta huvunjwa, udongo uliokwisha kunona ukatandazwa na kupandwa ulezi. Watoto walilifahamu jambo hili upesi kuliko walimu, kwa kuwa wengi wao wamelima na bibi zao. Lililokuwa jipya kwao lilikuwa kuandika katika daftari kitu ambacho mikono yao ilikijua tayari, na kuona kwamba mwalimu amekitia alama ya vema.

Mzazi mmoja ameuliza kama mambo haya yamo katika mtihani. Twajibu kwamba yamo kwa njia nyingi. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kivuli cha fimbo ni hesabu, na jiko la mkaa ni sayansi. Lakini hata kama yasingekuwamo, tungaliyafundisha.

Habari ya gharama: Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na sisi hatukumlazimisha mtu kutoa mchango wa safari. Waliokuwa nacho walitoa, wengine walileta viazi na maharagwe ya chakula cha njiani, na hakuna mtoto aliyeachwa nyuma kwa kukosa senti. Gari la kukodi ndilo lililokuwa mzigo mkubwa. Mwenye lori au basi dogo ambaye aweza kutusaidia mwakani, tafadhali aje azungumze nasi baada ya Misa.

Tena twawaomba jambo moja dogo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wapita mitaani kila juma, nao hupima kwa kilo bila kutazama wanachopima. Kama nyumbani kwenu mna jembe, shoka au mkuki wa zamani uliofuliwa na wazee, msiuuze. Mpeni mtoto aulete shuleni siku ya Ijumaa, pamoja na jina la mzee aliyeutumia, kama linakumbukwa. Tutaupima, tutauchora katika daftari la darasa, na jioni hiyo hiyo mtoto ataurudisha nyumbani.