Je, Wajua? Themaiti na Kuanguka kwa Jengo la Ghorofa 47

Jengo la saba la World Trade Center jijini New York, ambalo halikugongwa na ndege, lilianguka jioni ya tarehe 11 Septemba 2001 baada ya kuungua kwa takribani saa 7, na baadhi ya watu wakadai kuwa nguzo zake zilikatwa kwa themaiti, yaani mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma, ambao ukiwaka joto lake huzidi nyuzi 2,000 za Selisiasi. Kikemia dai hilo linawezekana, kwani themaiti huyeyusha chuma na hutumika kuunganisha reli. Tatizo kubwa liko katika utekelezaji, kwa kuwa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikadiria kwamba nguzo moja kubwa pekee ingehitaji angalau kilo 45 hivi, zilizoshikamana na chuma kilichosimama wima bila yeyote kugundua. Uchunguzi wake wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa moto wa kawaida ulitosha: boriti za sakafu zilitanuka kwa joto, zikausukuma mhimili mkuu ukatoka kwenye kiegemeo chake, sakafu zikaporomoka, na nguzo ya 79 ya jengo hilo, ikiwa haina tena kitu cha kuishikilia pembeni, ikapinda. Chuma hakihitaji kuyeyuka ili jengo lianguke. Kikifikia nyuzi 600 hivi, hubaki na takribani nusu tu ya nguvu zake.