Roboti Ishikwe kwa Mkono

Wako watu wasemao kwamba elimu ya kuunda na kuongoza roboti ni anasa ya watoto wa mjini, na kwamba mtoto asiyeona wa Newala au asiyesikia wa Masasi hana haja nayo. Maneno hayo twayakataa.

Tutazame kizuizi kiko wapi. Roboti hufuata amri zilizopangwa kwa taratibu: nenda mbele, geuka, simama. Watoto wengi hufundishwa kuzipanga kwa kusogeza vipande vya rangi katika kioo cha kompyuta. Kwa mtoto asiyeona, kioo hicho ni ukuta. Lakini aliyeujenga ni mtengenezaji wa chombo, wala si macho ya mtoto. Watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, walibuni chombo ambacho amri zake ni vidude vya plastiki viunganishwavyo kwa nyaya. Mtoto huvipapasa, huvipanga, kisha huisikia kazi yake ikitoka kama muziki au hadithi. Si roboti, lakini elimu ni ileile. Tangu mwaka 2019 chombo hicho, Code Jumper, kimo mikononi mwa shirika la Marekani lichapalo vitabu vya wasioona.

Kwa asiyesikia, roboti yaonekana ikienda. Akosacho ni mwalimu ajuaye lugha ya alama.

Ndugu wananchi, bei ya vyombo vya ng'ambo isitutishe. Uwanda wa Makonde una mafundi wa kuchonga ambao sifa yao imevuka bahari. Fundi awezaye kuutoa uso wa mtu katika mpingo hatashindwa na vipande vya amri: mshale wa kwenda, mshale wa kugeuka, duara la kusimama, kila kimoja na umbo lake. Mtoto avipange mezani kwa vidole. Mwenzake awe roboti, azifuate amri hatua kwa hatua chumbani. Akigonga ukuta, mpangaji arudi kutafuta kosa lake. Hapo hapana haja ya umeme.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake. Basi madiwani wapangapo matumizi ya ushuru wa korosho, mkulima na aulize: kompyuta za shule zetu, ngapi zimetiwa programu ya kusoma kwa sauti? Iko NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya chuma, nayo hutolewa bure.