Nukta Ikihama, Bahari Huwa Machinjo

Aliyepita chuoni ajua kwamba nukta si pambo. Andika kwa Kiarabu neno "bahr", yaani bahari, na nukta ya herufi ya kwanza ikae chini. Ipandishe nukta hiyo moja tu juu, neno litageuka "nahr", kuchinja, lile lile la Yaumun-Nahri, siku ya Idi ya kuchinja. Herufi, basi, ni amana.

Ndiyo maana mabingwa wa khati waliitia herufi mizanini. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alizipima herufi kwa nukta za kalamu, kila moja ikawa na kimo chake. Hata uchapaji ulipofika, kipimo hakikutupwa. Kiwanda cha Bulaq, Cairo, kilichoanzishwa mwaka 1820, kilisifika kwa herufi zake za naskhi. Katika zama zetu, Mmisri Khaled Hosny alizifufua herufi za Bulaq kwa ajili ya kompyuta, akaziita Amiri. Leseni yake yaruhusu mtu kuzitumia bure, hata kwa biashara, na kuzirekebisha pia. Yakataza kuziuza peke yake.

Si fonti zote zilizo hivyo. Nyingi huuzwa, na anunuaye hupata ruhusa ya kutumia, si umiliki. Kuzinakili kinyemela ni kula jasho la mtu aliyekesha akichora alifu hata ye.

Sasa umekuja mtambo wa akili unde. Huo huonyeshwa picha chungu nzima, kisha huchora kwa kufananisha. Mara nyingi hutoa maandishi yenye dhahabu na maua, lakini herufi zimekatika, nukta zimetangatanga, na neno halisomeki. Ajabu ni kwamba jicho lisilojua kusoma huona uzuri mtupu! Bango la namna hiyo likitundikwa msikitini, nani ataulizwa? Mwandishi akikosea, huitwa akafuta. Mtambo hauitwi.

Sisemi mtambo uvunjwe. Nasema, kabla ya kuchapisha aya, jina la Mola au tangazo la maulidi, apewe ajuaye kusoma alipitie herufi kwa herufi. Na mwenye duka la chapa aulizwe: fonti hii umeipata kwa ruhusa gani? Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizi karne nyingi. Tusiwaachie wajukuu maua yasiyosomeka.